Manjano Hayafuti Zebaki

Kuna maneno yanayozagaa kwamba mwanamke akijipaka dawa za kung'arisha ngozi, madhara yake kwenye tezi ya shingo huzuiwa kwa kunywa manjano, mlonge au habasoda. Mimi siyakubali, na ushahidi wangu nautoa mbali na kwetu, huko bara.

Mbita iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ikitazamana na kisiwa cha Rusinga, na chakula cha watu wa huko ni samaki. Katika miaka ya 1990, Dkt. Masazumi Harada, Mjapani aliyewatibu na kuwatetea waliodhuriwa na zebaki huko Minamata, alifika na wenzake kwenye ukingo huo wa Kenya kupima zebaki katika nywele za watu. Ungedhani lawama zingewaangukia samaki. La! Waliozidi mno walikuwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi, zilizotengenezwa Ulaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001.

Sasa, tezi ya shingo ndiyo itoayo homoni za kuendesha joto la mwili, mapigo ya moyo, na kukua kwa ubongo wa mtoto angali tumboni. Kazi hiyo yahitaji iodini na seleniamu, na zebaki huing'ang'ania seleniamu hiyo. Ni kweli manjano yana vitu vya kupunguza ukali wa sumu, na panya wa maabara wamepata nafuu. Lakini panya hajipaki sabuni kila asubuhi kwa miaka kumi! Wala si kila mmea ni rafiki wa tezi: kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, muhogo ulizidisha rovu kwa watu waliopungukiwa na iodini.

Dini yetu imemkataza mtu kujidhuru. Mabibi zetu walijisinga kwa liwa na manjano wakapendeza. (Tusijisifu sana, lakini: wanja mwingine una risasi, na piko itiwayo kwenye hina imewababua mabibi harusi wengi.)

Kenya imezikataza krimu na sabuni za zebaki tangu mwaka 1998, nazo bado zauzwa kwa siri. Mwenye mche nyumbani asiutupe jaani wala majini, kwani zebaki huishia kwa samaki. Aufunge vizuri, amuulize afisa wa afya pa kuupeleka. Na aliyevimba shingo aende hospitali akapimwe damu. Manjano ayatie mchuzini.