Tembe Si Tusi

Waandishi wenzangu, tuambizane ukweli. Karibu kila hadithi ninayopewa kusoma hapa Katesh, tajiri anakaa kwenye kijumba cha Kizungu: paa la nyasi lililokatwa vizuri, mawaridi mlangoni, moshi unatoka dohani. Maskini naye "anakaa kwenye tembe", basi. Neno moja limetosha. Kwani tembe ni ugonjwa?

Hivyo vijumba mnavyovihusudu vina mambo yake. Huko Dorset, Uingereza, kuna kijiji cha Milton Abbas. Katika karne ya 18 Lord Milton aliona mji uliokuwa karibu na jumba lake unamharibia mandhari. Akaubomoa! Wapangaji akawajengea pembeni nyumba za kufanana, kuta nyeupe, paa la nyasi. Leo watalii wanazipiga picha.

Mnadhani hayo ni ya mbali? Hanang tunayo ya kwetu. Mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalifika saba, ekari karibu 100,000. Wabarbaig wakasukumwa kando, trekta zikapita hadi juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua: eti, pamoja na mengine, hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji! NAFCO yenyewe haipo tena. Na boma la Mbarbaig, na uzio wake wa miiba, sijalikuta kwenye hadithi zenu hata moja.

Sasa twende Mbulu. Nyumba ya zamani ya Wairaqw, kule Kainam, ilichimbwa ndani ya mteremko. Kwa nyuma paa la udongo linakutana na ardhi, mgeni anaweza kulikanyaga asijue. Watu na mifugo walilala humo humo. Wazee husema ilikuwa kujificha, Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe. Jamani, hapo hamuoni riwaya? Adui anatembea juu ya paa, vumbi linadondoka, mama amemziba mtoto mdomo, na ndama ndiyo kwanza anataka kulia!

Mtasema huyu wa fomu foo anatufundisha nini, vijana wa mjini hawataki habari za udongo. Mmewauliza lini? Riwaya yangu inaanzia chini ya paa lile. Mhariri mmoja ameshanirudishia, anataka nyumba iwe bungalo. Sibadilishi.