MJI WA KALE NI WA WAZEE PIA

Ndugu msomaji, tuanze na lile tunalokubaliana. Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu havikujengwa kwa ajili ya bodaboda. Vingine ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Pikipiki ikipita mbio mle, wa kwanza kuumia ni mtoto anayetoka madrasa na mzee asiyeweza kuruka pembeni. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kwa hivyo katazo la bodaboda ndani ya mji tunaliunga mkono.

Lakini katazo lisilomkumbuka asiyejiweza ni nusu ya sheria.

Hebu jiulize. Mama yako ana miaka 75, magoti yamekwisha. Nyumba iko juu, mbali na ufuo. Kliniki ni kesho. Anafikaje? Punda hawezi kumpanda tena. Mkokoteni ni wa saruji. Vijana wakimbeba kitini leo, kesho ataona haya kuwaita. Mwishowe ataacha kutoka: haendi kliniki, haendi msibani, Maulidi anayasikia kwa mbali tu.

Hapo kuna watakaorukia: "Si mnaona? Rudisheni bodaboda zote!" Subiri bwana. Mzee asifanywe pasi ya biashara ya mwingine. Mchezo huu si mgeni. Kule Marekani, wapenda magari ya porini wamekuwa wakidai kwamba njia za msituni zikifungiwa injini, wazee na walemavu wanabaguliwa. Idara ya Misitu ya huko inajibu kwamba njia iliyofungwa kwa magari imefungwa kwa wote, na huo si ubaguzi. Ila kiti cha magurudumu, hata cha umeme, kilichoundwa kwa asiyeweza kutembea na kinachofaa kutumika ndani ya nyumba, hakihesabiwi gari. Kinapita anapopita mtu wa miguu.

Tena tangu 2011, kanuni za sheria yao ya walemavu zinazitaka serikali za majimbo na miji ziruhusu hata vyombo vingine vya umeme au injini anavyotembelea mlemavu, isipokuwa zionyeshe kwamba mahali pale si salama. Hupimwa uzito, ukubwa, mwendo, wingi wa watu na madhara kwa mazingira. Mlinzi haruhusiwi kumwuliza mtu anaumwa nini. Kibali cha maegesho ya walemavu kinatosha.

Sisi nasi tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Kifungu cha 57 kinataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima. Mzee ni aliyepita miaka 60. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa katika mji wa urithi".

Basi tunaitaka serikali ya kaunti na Bunge la Kaunti waandike haya, si kuyasema tu mikutanoni:

1. Kiti cha magurudumu, cha mkono au cha umeme, kisihesabiwe chombo cha moto popote mjini.

2. Viruhusiwe vyombo vichache vidogo vya umeme, vya mwendo wa mtu anayetembea, kwa wagonjwa, wazee na walemavu pekee. Vichochoro vipimwe kimoja kimoja. Vijana waliopoteza kazi ya bodaboda wawe wa kwanza kupewa kazi hiyo.

3. Kadi ya ulemavu, au kitambulisho kinachoonyesha umri, kitoshe. Hakuna barua ya chifu, hakuna "njoo kesho".

4. Wazee na walemavu wenyewe wawe mezani kanuni zikiandikwa.

Msomaji wa Lamu, MCA wako unamjua na simu yake unayo. Mpigie wiki hii umwulize swali moja tu: mama yangu atafikaje hospitali? Usikate simu kabla hajajibu.