Chuma cha zege uani: kikague kabla mtoto hajakinyanyua

Wazazi wenzangu, ukipita nyuma ya nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora au Mabawa utakikuta kimeegemezwa ukutani: bomba la maji lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, moja kila upande. Vijana wetu wanakiita chuma tu. Kaka mtu alikitengeneza, mdogo wake akakirithi, na sasa yule wa darasa la saba naye ameanza kukizungukia. Kuna wazazi wanaokitupa jalalani, na kuna wasio na habari nacho mpaka siku mtoto anapobanwa kidole.

Mimi siko upande wa kukitupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na sisi watu wazima angalau siku 2. Ile hofu ya mitaani kwamba kunyanyua vyuma kunamdumaza mtoto haina ushahidi, mradi anafundishwa na kusimamiwa. Kinachowaumiza ni uzito uliowazidi, kunyanyua ovyo na kifaa kibovu. Leo tukikague hicho kifaa.

Tuanze na uzito wenyewe. Lita moja ya zege ina takribani kilo 2.4. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa hadi juu linakaribia kilo 10, na mawili ni karibu kilo 20 kabla hujahesabu bomba. Ukienda kwenye ndoo za lita 10, kila moja ni kilo 24, yaani unakaribia kilo 50 mikononi mwa mtoto ambaye huenda mwenyewe hafikishi uzito huo. Yeye haoni kilo, anaona kindoo. Tena makopo hujazwa kwa macho, kwa hiyo upande mmoja huzidi mwingine na mgongo ndio unaofidia. Mnunuzi wa vyuma chakavu hapo mtaani ana mizani. Mwombe akupimie, kisha andika kilo kwa rangi juu ya kopo.

Sasa kagua pale bomba linapoingia kwenye zege. Shika bomba kwa mkono mmoja, zungusha kopo kwa mwingine. Likicheza, hata kidogo, chuma hicho kimekwisha kazi. Bomba ni laini. Likichomekwa tu, zege halina cha kung'ang'ania, na kila likitupwa chini linalegea zaidi mpaka siku kopo linachomoka mtoto amelinyanyua juu ya kichwa. Kama mnatengeneza kipya, fundi wa kuchomelea aweke kwanza vipande viwili vya nondo kwa mkato wa msalaba kwenye kila ncha ya bomba, ndipo zege limwagwe. Ni kazi ya dakika chache. Bomba liwe la chuma. La plastiki halifai kabisa.

Na mchanga usiwe wa baharini. Najua ufuko uko karibu na mchanga wake ni wa bure, lakini chumvi hulisha kutu. Kutu ikishaingia, chuma huvimba ndani kwa ndani na kulipasua zege. Zege hilo linataka pia subira ambayo vijana hawana: lifunikwe kwa gunia bichi siku 7 za mwanzo, na nguvu yake inayotegemewa huifikia baada ya siku 28. Wao humwaga Ijumaa, Jumapili wananyanyua. Mji una kiwanda cha saruji pale Pongwe, lakini siku 28 za zege tunazijua pale tu tunapojenga nyumba!

Jambo linalonitisha zaidi ni kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu ya kifua. Magurudumu makubwa ya vyuma vya ukumbini yana kipenyo cha sentimita 45, hivyo hata chuma kikianguka sakafuni, bomba hubaki zaidi ya sentimita 20 kutoka chini. Kopo la rangi la lita 4 lina kipenyo cha sentimita 18 hivi, kwa hiyo bomba linabaki sentimita 9 tu, na shingo ya mtu haipiti hapo. Tena ukumbini mtu aliyeelemewa anaweza kukiinamisha chuma upande mmoja, magurudumu yakateleza na kuanguka, naye akajinasua. Kopo la zege haliendi popote. Kwa chuma cha namna hii, marufuku kulala chini yake bila mtu mzima, au kijana mwenye nguvu, kusimama kichwani tayari kukidaka.

Ukiniuliza mimi, kiroba cha mchanga kinakishinda chuma cha zege kwa mengi. Mchanga mkavu utie kwenye mifuko ya nailoni, ifunge vizuri, kisha iingize ndani ya kiroba. Kikianguka hakimvunji mtu kidole, na uzito unaongeza au kupunguza utakavyo. Angalizo moja: kiroba cha unga cha kilo 25 ukikijaza mchanga hadi juu kinapita kilo 50. Pima kwa kopo. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6. Mtoto aanze na uzito anaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15 bila kupinda mgongo. Na mabinti wasisahauliwe. Anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani tayari ananyanyua kilo 20, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuinama kwa magoti.

Tyubu kuukuu ya baiskeli nayo, kwa mji wetu wa baiskeli, haina gharama. Ifunge kwenye nguzo, ivute kifuani. Ikague kama ina nyufa, na isivutwe kuelekea usoni. Yeyote aliyewahi kukatikiwa na mpira wa manati anajua kwa nini.

Wa kujivuta juu wapewe tawi nene la mwembe au bomba juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa. Kenchi za nyumba ziacheni, zilipigwa kubeba mabati. Na chini ya mnazi pasiwe uwanja wa mazoezi, nazi haipigi hodi.

Usiku chuma kilazwe chini, kiwekewe tofali kila upande kisibingirike. Kikiegemezwa ukutani, mtoto wa miaka miwili anaweza kukivuta.