Kubisha Hodi Chuoni



Vijana wetu wengi hapa Marekani huanzia elimu ya juu katika chuo cha jamii, kile cha miaka miwili chenye ada nafuu. Vyuo hivi si vya juzi. Cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901.

Tunamjua kijana mmoja aliyeanguka hesabu muhula wa kwanza, akamficha mama yake. Chuo nacho hakikuandika barua nyumbani, kwani sheria ya mwaka 1974 imempa mwanafunzi mwenyewe mamlaka juu ya kumbukumbu zake za masomo. Alikaribia kuacha. Siku moja akajikaza, akabisha hodi kwa mshauri wa masomo. Akaelekezwa kwenye masomo ya ziada yasiyo na malipo, tena akasaidiwa kujaza fomu ya ruzuku ya serikali, ambayo hairudishwi kama mkopo.

Mwaka uliofuata aligombea baraza la wanafunzi, akashinda. Hakuwa msemaji hodari. Lakini aliwajua wenzake wafanyao kazi mchana, akaomba chumba cha masomo ya ziada kifunguliwe hadi usiku. Kikafunguliwa.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tumeona hivi: aliyewahi kuomba msaada ndiye ajuaye mwenzake amekwama wapi. Basi tusingoje barua. Tunapowauliza watoto, "Umepata ngapi?", tuongeze, "Na nani anakusaidia?" Kuuliza si ujinga.