Diwani Haleti Kitu

Mwaka 2020 niliandika uongo wa kurasa mbili, nikamsomea mjomba wangu chini ya mkorosho, naye akacheka kwa furaha na kuniambia, "Mpwa wangu, kumbe shule haikuwa bure."

Kwetu ni Matambarale, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Huku ni kwa Wamwera, na kwa Wamwera mjomba si mtu wa kumkatalia jambo. Alipoamua kuwania udiwani katika kata moja ya jirani, alitaka msomi wa familia amwandikie hotuba ya kura za maoni ya chama chake. Msomi huyo nilikuwa mimi, mwenye shahada na asiye na kazi. Nikaandika ahadi saba: visima, zahanati, barabara ya changarawe, umeme kila kitongoji, mikopo kwa vijana, bei nzuri ya korosho, na trekta la kijiji. Nilipofika kwenye trekta nilicheka mwenyewe, lakini sikulifuta.

Mjomba alishindwa. Aliyemshinda aliahidi visima vingi zaidi.

Mwaka 2025 mjomba alinipigia simu tena. Oktoba ilikuwa ya uchaguzi, na alitaka hotuba nyingine. "Ile ya zamani ilikuwa nzuri," aliniambia, "ongeza tu vitu." Maneno hayo matatu ya mwisho yalininyima usingizi. Safari hii, kabla sijashika kalamu, nilifanya kile nilichopaswa kufanya mwaka 2020: nilisoma kazi ya diwani ni nini. Niliona aibu. Karibu kila kitu nilichoahidi kilikuwa nje ya mamlaka ya mjomba, hata kama angeshinda kwa kura zote.

Tazama orodha yangu. Visima? Maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Barabara? Ziko chini ya TARURA tangu 2017. Umeme ni kazi ya REA na TANESCO. Bei ya korosho inatoka kwenye mnada wa chama kikuu chetu, RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mnunuzi anayeandika bei hiyo anaangalia soko la dunia, haangalii sura ya diwani. Trekta sijui nililitoa wapi. Diwani hana mfuko. Hana gari la kuchimba kisima. Mkurugenzi wa halmashauri hateuliwi na yeye, mkuu wa wilaya hateuliwi na yeye. Mtu anayesimama jukwaani na kusema "nitawaletea" anatangaza mali ya watu wengine.

Lakini sitaki kumbebesha mgombea lawama zote. Yeye anajibu swali aliloulizwa. Na swali letu, kuanzia mama muuza vitumbua hadi kijana mwenye simu mbili, huwa ni lile lile: utatuletea nini? Ugomvi wangu ni na swali hilo.

Sisi watu wa kusini tulipaswa kuwa wa kwanza kulichoka, maana tumeletewa mambo tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza waliamua huko London kwamba Tanganyika italima karanga kwa ajili ya mafuta yao. Wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ililetewa matrekta, ikaletewa wataalamu, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikaletwa hadi porini. Hakuna aliyemwuliza mkulima wa huku udongo wake ukoje na mvua yake inakujaje. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Reli yenyewe iling'olewa baadaye. Kitu kilicholetwa na mtu kwa hesabu zake huondoka hesabu zake zikikataa.

Baada ya uhuru mambo hayakugeuka sana. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, jina zuri kwa jambo lililoyapeleka madaraka kwa maofisa wa serikali kuu. Miaka kumi baadaye zikaja sheria za mwaka 1982 za kuzirudisha, na leo Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka, ndugu zangu. Haikutaja visima.

Na mwaka 2018? Kila mwenye shamba la korosho huku anaukumbuka. Mwezi Juni Bunge lilibadilisha sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, ikaenda yote kwenye mfuko mkuu wa serikali. Mwezi Novemba, baada ya wanunuzi kuweka bei ya chini, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia kuzibeba. Wapo waliolisifu jambo hilo na wapo wanaolilaani mpaka leo. Ninachosema mimi ni kwamba maamuzi yote mawili yalifanyika mbali na huku, na wengi wetu tuliyasikia redioni, tukakaa kungoja.

Sasa diwani ana nini, kama hana mfuko? Ana kiti katika Baraza la Madiwani. Pale ndipo bajeti ya halmashauri inapitishwa au kukataliwa, sheria ndogo zinatungwa, na taarifa za mapato na matumizi zinaletwa. Na katani mwake yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kwa ufupi, ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi. Ukiona ni jambo dogo, hebu nikuonyeshe shilingi zenyewe.

Anza na korosho. Halmashauri inaruhusiwa kutoza ushuru wa mazao usiozidi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Tuseme umeuza tani moja kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Hiyo ni milioni 3, na ushuru wake ni shilingi 90,000. Anaulipa mnunuzi, lakini mnunuzi mwenye akili huupiga hesabu kabla hajaandika bei. Kwa hiyo wewe na magunia yako mmeichangia halmashauri shilingi 90,000. Jirani yako naye kachangia. Ufuta nao unalipiwa. Je, umewahi kumsikia diwani akisimama kijijini na kusema: msimu uliopita kata yetu ilitoa kiasi hiki, na kiasi hiki kimerudi?

Kuna mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ikiwa na bilioni moja ya kugawiwa hivyo, milioni 40 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya utoaji na urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024. Mwaka 2020 niliiandika katika hotuba ya mjomba kana kwamba ingetoka mfukoni mwake. Ilikuwa haki ya kisheria, na kazi ya diwani ilikuwa kuuliza vikundi gani vimepata na vipi vimerejesha.

Halafu kuna kinywe. Wilaya ya Ruangwa sasa inatajwa hadi Australia kwa sababu ya madini haya meusi yanayotumika kwenye betri za magari ya umeme. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri. Nenda ukarudie: akubaliane na halmashauri. Kuna pia ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya kampuni, unaolipwa halmashauri. Na kabla ya hayo yote kuna ardhi: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kwa niaba yetu, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kuigawa. Diwani na wenyeviti wa vijiji wasioujua mstari huu watakaa meza moja na wanasheria wa kampuni wakitabasamu, wapewe soda, wasaini.

Mama yangu mkubwa alinisikia nikiyasema haya akaniambia, "Mwanangu, maswali hayajazi ndoo." Ni kweli, na sina jibu la kejeli kwa mtu anayetembea na ndoo kichwani. Lakini nilimwuliza yeye ameona mabomba mangapi yaliyozinduliwa kwa ngoma na vigelegele, yakatoa maji miezi michache, kisha yakakaa kimya. Akanyamaza, akahesabu vidole. Kisima huharibika kipuri kimoja. Kamati inasema fedha za maji zimekwisha, na hakuna aliyeuliza zilikusanywa ngapi. Ndoo hubaki tupu kwa kukosa swali pia.

Wengine wataniambia diwani mwenye maswali hapendwi wilayani, ataachwa nje ya kila kitu, na kata yake itaadhibiwa. Hofu hiyo naielewa. Lakini angalia inachokubali: kwamba huduma ni zawadi, na kwamba tunapaswa kumtuma mtu mpole akaombe. Kama ndivyo, tusijisumbue kupiga kura, tumtume mwenye sauti nzuri ya kubembeleza.

Na kupiga kura kwenyewe tulikwisha kukuzoea kukukosa. Mwaka 2020 jimbo letu la Ruangwa lilipata mbunge bila kupingwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na sehemu mbalimbali za nchi zilipata madiwani kwa njia hiyo hiyo. Sisemi hapa kwamba wangeshindwa. Nasema mgombea asiye na mpinzani hana mtu wa kumwuliza swali hadharani, na mwananchi hana siku ya kulijibu. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 sasa inataka hata mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni mlango mdogo, lakini mlango ni mlango.

Nakujia wewe sasa, msomi mwenzangu, kwa sababu sisi tuna kosa letu. Tunajua majina ya maseneta wa Marekani. Tunakesha mtandaoni tukibishana kuhusu Dodoma. Mwulize mmoja wetu jina la mwenyekiti wa kitongoji chake, atakuambia ngoja nimpigie mama. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Hapo hauhitaji fomu wala chama. Unahitaji kwenda na kukaa hadi mwisho. Sisi tunarudi nyumbani Idi na misimu ya korosho, tunapiga picha, tunaondoka, kisha tunaandika kwamba wazee wanadanganywa na khanga na chumvi. Mimi nilikwenda mbali zaidi: niliwaandikia uongo wenyewe.

Kwa hiyo nimemwandikia mjomba hotuba mpya. Ina ukurasa mmoja. Inasema hataleta kitu. Inasema kila baada ya miezi mitatu atasimama katika kila kijiji na kusoma mambo manne: kata imechangia ushuru kiasi gani na kimerudi kiasi gani, vikundi gani vimepata mikopo ya asilimia 10, kampuni za madini zimekubaliana nini na halmashauri, na yeye mwenyewe amepiga kura gani katika bajeti. Inasema asipofanya hivyo mara mbili mfululizo, wananchi wamwite mwongo bila kumung'unya maneno.

Nilimsomea kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia kuku upande wa pili.

"Mpwa wangu," akasema, "hapa pa kupigiwa makofi ni wapi?"

Nikamwambia hapapo.

"Nitashindwa tena."

Nikamwambia huenda. Akasema atafikiri, akaniuliza habari za kazi, akakata. Mpaka naandika haya hajanipigia, na sijui jukwaani alisoma hotuba ipi. Ile ya trekta bado anayo, ameihifadhi vizuri kwenye bahasha.

Lakini jukwaa halina mgombea peke yake. Upande wa pili mmekaa ninyi. Safari hii mtu akisema "nitawaletea", asipate makofi hata moja. Ainuke kijana mmoja tu amwulize: za msimu uliopita zilikwenda wapi?