Mtoto Akifika Chuoni: Karatasi Zake, Ofisi za Msaada na Klabu

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya shule ya msingi na mitihani ya sekondari, tunapanda mpaka chuo kikuu.

Kuna watakaosema: chuo kikuu kinatuhusu nini sisi wa kambini? Kinatuhusu. Mwaka 2019, kati ya vijana wakimbizi 100 duniani, 3 tu ndio walikuwa wanasoma elimu ya juu. Mwaka 2023 walifika 7. HCR na wenzake wameweka lengo la kufika 15 mwaka 2030. Basi mlango unafunguka polepole. Na hapa kwetu hamkosi nyumba yenye mtoto, mpwa ao jirani aliyeko chuoni, awe hapa Uganda, Canada ao Marekani.

Swali linalotufikia sana linatoka kwa familia zilizohamishiwa Marekani. Mpango wa nchi ile wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini familia zilizofika kabla ya hapo ni nyingi, na watoto wao sasa wanafikia umri wa chuo. Wazazi wanapiga simu huku wakilalamika: “Tumeenda chuoni kuuliza kama mtoto anafaulu ao anaanguka, wametukatalia. Kwani sisi si wazazi wake?” Na huku kambini babu na shangazi wanapandwa na hasira, wanaanza kusema mtoto ameharibika, anaficha kitu.

Tusikasirike kabla ya kuelewa. Tueleze jambo lenyewe.

Karatasi za mtoto ni za nani?

Marekani kuna sheria inayoitwa kwa kifupi FERPA. Rais Gerald Ford aliitia sahihi Agosti 1974. Inasema hivi: mtoto akiwa bado shule ya msingi ao sekondari, mzazi ndiye mwenye haki ya kuona rekodi zake za shule. Lakini akitimiza miaka 18, ao akiingia chuo hata kama ana miaka 17, haki hiyo inatoka mkononi mwa mzazi na kuingia mkononi mwa mwanafunzi mwenyewe. Rekodi maana yake alama za mitihani, masomo aliyojiandikisha, deni la karo, barua za nidhamu na mengine ya namna hiyo.

Kwa hiyo karani anayekataa kukujibu hakudharau, wala hakukuona mgeni. Mzazi aliyezaliwa palepale Marekani naye anakataliwa vilevile. Karani akitoa alama za mtoto bila ruhusa, yeye ndiye amevunja utaratibu.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa. Kuna njia ambazo chuo kinaweza kumwambia mzazi:

1. Mwanafunzi mwenyewe atie sahihi karatasi ya ruhusa. Anaandika nani aambiwe, aambiwe nini, na kwa sababu gani. Vyuo vina fomu ya kazi hiyo.

2. Mzazi awe anamhesabu mtoto kama tegemezi wake katika karatasi za kodi. Hapo chuo kinaweza kusema, lakini hakilazimishwi. Vyuo vingine vinakubali, vingine vinadai ruhusa ya mtoto tu.

3. Kukiwa na hatari kubwa ya afya ao ya maisha. Kama mtoto ni mgonjwa mahututi ao anataka kujidhuru, sheria haiwafungi mikono.

4. Mwanafunzi akiwa hajafikisha miaka 21 na amekutwa na kosa la pombe ao madawa ya kulevya, chuo kinaweza kumjulisha mzazi.

Na jambo tunaloomba mlishike: sheria hii inafunga mdomo wa chuo, haifungi mdomo wa mtoto. Mtoto anaweza kufungua matokeo yake kwenye simu na kumwonyesha mama saa yoyote. Asipoonyesha, shida haiko kwenye sheria, iko katika mazungumzo ya nyumbani. Mzazi anayepokea alama mbaya kwa matusi, mwaka unaofuata hatapokea alama yoyote. Atapokea “niko poa tu, mama”, na mtoto kumbe ameacha masomo toka muhula uliopita.

Haki ambayo wengi hawaitumii

Sheria hiyohiyo inampa mwanafunzi haki ya kuomba kuona rekodi zake, na chuo kinapaswa kumwonyesha ndani ya siku 45. Akiona kitu kisicho cha kweli, anaweza kuomba kirekebishwe. (Si alama aliyopewa na mwalimu kwa haki eti kwa sababu haimfurahishi. Hiyo ni habari nyingine.)

Siye wakimbizi tunajua hili lina uzito gani. Wangapi kati yetu wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku ya kuandikishwa hapakuwa na cheti? Wangapi jina la baba limekuwa jina la ukoo, na herufi moja imepotea njiani? Chuo kitaandika kulingana na hati ulizoleta, na ukitaka kibadilishe kitakuuliza hati. Kwa hiyo kosa la jina litafutiwe dawa mapema, kuanzia kwenye hati yenyewe. Usingoje siku ya diploma.

Jina lisilotakiwa kujulikana

Hapa tunawaomba msome polepole, kwa sababu linagusa usalama.

FERPA inaruhusu chuo kutoa habari fulani bila kuuliza mtu: jina, anwani, simu, somo analosoma, miaka aliyosoma, na klabu ao timu anayochezea. Kila chuo kinachagua zipi kati ya hizo kinazitoa. Kwa wanafunzi wengi si shida. Lakini fikirini dada aliyekimbia mume mwenye panga, ao kijana ambaye kuna watu walioapa kumtafuta. Kwake anwani ikitolewa kwa mtu yeyote anayepiga simu, ni hatari ya kweli.

Dawa ipo. Chuo kinapaswa kuwatangazia wanafunzi ni habari gani kinazitoa, na kuwapa muda wa kukataa. Mwanafunzi anaenda ofisi ya usajili, anaandika kwamba hataki habari zake zitolewe. Hapo anayepiga simu hataambiwa anwani wala simu yake. Wenye sababu kama hizo wafanye hivyo wiki ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mkiongea nao kwa simu, wakumbusheni.

Ofisi za msaada: ukinyamaza, hakuna atakayekuja

Katika sekondari mwalimu anamjua kila mtoto. Akikosa siku 2, anauliza. Chuoni si hivyo. Darasa linaweza kuwa na watu 200, na profesa hajui kama uko ao hauko. Msaada upo, lakini unangojea uufuate wewe.

Kuna mshauri wa masomo. Huyo aonwe kabla ya kuacha somo lolote, kwa sababu misaada mingi ya fedha inadai mwanafunzi aendelee vizuri na awe na masomo ya kutosha. Kijana anaacha masomo 2 bila kuuliza, mwezi unaofuata msaada umekatika. Kuna vituo vya kufundishana na vya kusaidia kuandika insha. Mara nyingi havidai malipo mengine juu ya karo. Si aibu kwenda. Wanafunzi hodari nao wanaenda, na ndiyo sababu ni hodari.

Kuna ofisi ya wenye ulemavu. Sheria za Marekani za mwaka 1973 na 1990 zinakataza chuo kumbagua mwenye ulemavu, na zinadai apate marekebisho anayohitaji, kama muda zaidi wa mtihani ao maandishi makubwa. Ila tofauti ni hii: kwenye shule za chini ni shule inayomtafuta mtoto, chuoni ni mwanafunzi anayejitokeza na kuomba. Asiposema, atahesabiwa kama hana shida.

Na kuna ofisi ya ushauri wa moyo na akili. Hapa ndipo siye watu wa Maziwa Makuu tunapokwama. Tunasema mwanaume halii, tunasema hayo ni mambo ya wazimu, ao tunaogopa habari zisirudi kwa wazazi na kwa kanisa. Jueni kwamba mshauri analinda siri. Maneno yako hayaendi kwa profesa, hayaandikwi pamoja na alama zako, hayapigiwi simu nyumbani. Anavunja ukimya tu kama kuna hatari kwa maisha yako ao ya mwingine, ao kama sheria inamlazimisha, mfano mtoto mdogo anapodhulumiwa. Kijana aliyelala na milio ya risasi utotoni, akashindwa kulala mwaka wa kwanza wa chuo, si mwendawazimu. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo yupo.

Klabu si mchezo wa kupoteza muda

Wazazi wengi wanasema: nilikutuma kusoma, si kucheza mpira na kuimba. Tunawaelewa. Lakini tazameni mfano wa Canada. Tangu mwaka 1978 shirika la WUSC lina mpango wa kuwapeleka vijana wakimbizi vyuoni kule, wakiwemo vijana wa Dadaab na Kakuma kule Kenya, na wa Dzaleka kule Malawi. Zaidi ya vijana 2,000 wamepita njia hiyo. Na nani anaibeba? Ni kamati za wanafunzi wenyewe ndani ya vyuo. Katika vyuo vingi kila mwanafunzi anachangia fedha kidogo pamoja na karo yake, na kamati inampokea mgeni uwanja wa ndege, inamwonyesha duka, benki, basi, na namna ya kuvaa baridi ya kule. Yaani klabu ya wanafunzi ndiyo imemtoa mkimbizi kambini. Sasa tuseme klabu haina maana?

Klabu inampa mtoto watu. Mwenye watu anaambiwa mapema kuhusu kazi, kuhusu mwalimu mzuri, kuhusu msaada wa fedha unaofungwa Ijumaa. Aliyejifungia chumbani anasikia Jumatatu. Ila kiasi: muhula wa kwanza klabu 1 ao 2 zinatosha. Na kundi linalodai mgeni apigwe, anyweshwe pombe ao adhalilishwe ndipo aingie, alikimbie.

Neno moja tena. Katika klabu na mikutano, watu watamwomba mkimbizi asimulie yaliyompata. Wengine wanauliza kwa wema. Lakini hadithi yake ni mali yake. Anaweza kusema leo, anaweza kusema kesho, anaweza kukataa kabisa, na asionekane hana shukrani. Picha yake pia isitundikwe bila yeye kukubali.

Na hapa kwetu je?

Hapa Uganda kuna sheria ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019. Inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kuomba zirekebishwe. Kenya ina sheria yake ya 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania ya 2022. HCR nao wana kanuni zao za 2015 juu ya habari zetu wakimbizi. Kwa hiyo unapoulizwa habari zako ofisini, una haki ya kuuliza: “Mnaandika kwa sababu gani, na nani ataona?” Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Angalieni pia wajanja. Wakati wa kuomba DAFI, ule msaada wa masomo unaogharamiwa zaidi na serikali ya Ujerumani tangu 1992, wanajitokeza watu wanaosema “nipe picha ya kadi yako ya familia na namba yako, na pesa kidogo, nitakupitisha”. Huduma za HCR hazilipiwi. Namba ya familia na neno la siri havipewi mtu wa njiani, hata kama anavaa tai.

Mfanye nini sasa?

Kabla mtoto hajaondoka, kaeni mkubaliane: mtaongea mara ngapi, atawaonyesha matokeo lini, na akianguka mtafanya nini. Mwambieni wazi kwamba akianguka bado ni mtoto wenu. Kama mnataka chuo kiongee na mzazi ao kaka mkubwa, atie sahihi fomu ya ruhusa wiki ya kwanza, kwa hiari yake, si kwa vitisho. Mwulizeni “umejiunga na klabu gani?” na “ofisi ya mshauri wako iko wapi?” Akishindwa kujibu maswali hayo mawili, mjue yuko peke yake, na mpigieni simu mara kwa mara zaidi.

Wenye barua ya chuo wasiyoielewa, leteni shuleni Jumamosi, tutaisoma pamoja. Kilichoandikwa ndani kitabaki kati yetu na nyinyi.