Simba Hashiki Kisu

Kwa mliouliza mbona tumekuwa kimya: tulikwenda Singida kumsindikiza bi harusi. Mwenzetu wa Unguja ameolewa na kijana wa Kinyaturu, basi tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda basi, Morogoro, Dodoma, hata tukafika kwenye mji wa upepo na majabali. Ziwa Singidani tumeliona, kuku wa Singida tumewala, mafuta ya alizeti tumebeba. Habari za nguo na mapambo zitakuja, inshaallah. Leo tuna neno jengine, na tunawaomba mabibi harusi watarajiwa walisome hadi mwisho.

Kabla ya safari mwenzetu alikuwa na khofu moja. Jamaa yake mmoja alimwambia, "Mwanangu, huko uendako watu wanageuka simba." Mbele za watu alicheka. Usiku akatuuliza kama ni kweli.

Siku ya pili baada ya isha mawifi zake wakatuwekea filamu. Ilikuwa Fallen, ya mwaka 1998, ambayo Denzel Washington ni mpelelezi anayeitwa Hobbes. Amemkamata muuaji aliyeua watu kadhaa, na muuaji huyo anauawa kwa gesi gerezani. Kesi imekwisha, watu wanashusha pumzi. Mara mauaji yanaanza tena, kwa mtindo ule ule. Hobbes anachimba mpaka anagundua kwamba anayemsaka ni pepo, Azazel, anayehama mwili hadi mwili kwa kugusana tu. Dakika hii yumo ndani ya mpita njia, dakika ijayo yumo ndani ya aliyepigwa bega na mpita njia huyo.

Filamu ilitukamata kwelikweli. Tulianza kwa kushikana mikono, tukaishia kila mtu na mkeka wake asiguswe na mwenziwe!

Ilipokwisha, bibi yake bwana harusi, ambaye tulidhani amesinzia, akasema: "Na hapa walisema ni simba. Simba gani anashika kisu?"

Akatusimulia aliyoyasikia kwa mama yake. Tuliporudi tukayatafuta, na tukakuta ni mambo yaliyoandikwa. Miaka ya 1946 hadi 1948, Singida ikiwa chini ya Mwingereza, watu walikuwa wakikutwa wamekufa porini na njiani, miili imeraruliwa. Simba wa kweli walikuwepo, basi jawabu la mwanzo lilikuwa jepesi: kaliwa na simba. Lakini baadhi ya majeraha yalikuwa ya kisu. Ikadhihirika kuwa kuna watu nyuma ya mauaji yale, watu waliojificha ndani ya ngozi ya simba na ndani ya khofu ya wanakijiji. Walikamatwa, wakashitakiwa kwa mauaji, na wengine wakanyongwa. Mwaka 1950 A. W. Wyatt aliandika habari za watu-simba wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 Schneider, mtaalamu wa mila aliyewachunguza Wanyaturu, akalipitia jambo hilo upya katika jarida hilo hilo.

Sasa tazameni tofauti. Kwenye filamu mpelelezi anaanza na mtu, anaishia kwa pepo. Singida ilikuwa kinyume: watu walianza na simba wa uchawi, uchunguzi ukawafikisha kwa mtu mwenye kisu. Na kila siku ambayo watu waliendelea kusema "ni simba tu" ilikuwa siku nyengine ya salama kwa muuaji. Ngozi ya simba peke yake isingemficha. Kilichomficha ni midomo ya watu iliyokwisha kutoa hukumu kabla ya kuangalia jeraha.

Tusiwacheke watu wa bara, sisi wa visiwani. Mwaka 1995, Popobawa alipotangazwa Pemba kisha Unguja, watu wazima walilala nje makundi kwa makundi, moto umewashwa. Tukiwa katika khofu ile, mjini Unguja kijana mgonjwa wa akili alipigwa na kundi la watu mpaka akafa, kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Popobawa hakuonekana. Maiti ilionekana. Na mikono iliyoua ilikuwa ya watu, wana majina, na kesho yake waliamka wakanywa chai.

Huko Usukumani, majirani wa Singida, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni katika kuwapikia hao hao watoto na wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa sababu kuna aliyewaambia watu kuwa viungo vyao vinaleta utajiri. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Kila mahali mtindo ni mmoja: jina la uchawi mbele, mkono wa mtu nyuma.

Kuna msomaji atakayetwambia, "Kwani nyinyi hamuamini majini?" Tunaamini, alhamdulillah. Majini wamo katika Qur'ani, na sihri imetajwa na kukatazwa. Lakini dini hiyo hiyo imetutaka tuihakikishe habari kabla hatujamdhuru mtu kwa ujinga, na imetuonya juu ya dhana. Yote mawili yako katika Sura Al-Hujurat. Na katika Sura Ibrahim tumeelezwa kwamba Siku ya Kiyama Shetani atawakana wafuasi wake: yeye aliwaita tu, wao wakamuitikia, basi wajilaumu wenyewe. Kama Shetani mwenyewe hatakubali kubebeshwa mzigo wetu, sisi tunambebesha kwa ushahidi gani?

Hapa ndipo tunapokuja kwako, bi harusi.

Utaingia nyumba ya watu. Mimba ikichelewa, au bwana akipoa, atatokea shoga wa kukwambia, "Mama mkwe wako si mtu mzuri, twende kwa fulani akakuangalizie." Usiende. Mpiga ramli atakupa jina, na jina hilo litakuwa la mwanamke mzee aliye karibu yako. Ukirudi nalo nyumbani umerudi na kisu, hata kama hujui kukitumia. Nenda hospitali, na mwende wawili, kwani mimba haichelewi kwa upande wa mke peke yake. Soma dua zako za asubuhi na jioni. Na zungumza na mumeo.

La pili ni zito zaidi. Tunapokea ujumbe wa wake wanaopigwa, na wakilalamika kwa wakubwa wanaambiwa, "Vumilia, si yeye, ni jini lake limepanda." Tunauliza: jini gani hilo ambalo halipandi mbele ya bosi wake kazini? Halipandi barazani kwa wanaume wenziwe, halipandi mbele ya polisi, linasubiri mlango ufungwe na wewe uwe peke yako? Huyo anachagua wakati, anachagua mahali, anachagua mtu wa kumpiga. Mwenye kuchagua ni yeye. Kama kweli anaumwa, atibiwe na asomewe, na wewe ukae mbali na mkono wake mpaka apone. Waambie wazee wako. Nenda kwa sheha, nenda kwa Kadhi, nenda Dawati la Jinsia kituo cha polisi. Subira tuliyofundishwa haikuwa ya kungoja kuuawa.

Nyinyi mama, somo na kungwi mnaotufunda, tunawaomba kwa heshima: mnapomfunda mwari kumsitiri mumewe, mumwambie pia kwamba jeraha halisitiriwi.

Filamu za majini tutaendelea kuziangalia, hatujifanyi watakatifu, bora sala isitupite. Ila tukiizima televisheni, tuizime na Azazel wake.

Asubuhi ya kuondoka tulimkuta bi harusi wetu uani na bibi mkwe wake, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja. Tukamuuliza kama bado anaogopa simba. Bibi akajibu kabla yake: "Simba akija atampigia kelele kama mtu mwengine yeyote, na sisi tutatoka kuangalia ni nani."

Tunamuombea ndoa yenye kheri. Nawe msomaji tunakuombea nyumba ambayo ukipiga kelele, watu wanatoka.